Gadi Aliyesubiri Bendera ya Kijani

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu mtaa mzima unaujua, na nisipousema mimi watausema wao, tena kwa kuongeza chumvi. Ilikuwa kwenye mkutano wa mtaa, pale uwanjani karibu na ofisi ya mwenyekiti, hapa kwetu Cheyo. Mzee tuliyemwita Gadi alikuwa amesimama anaomba jambo. Alikuwa anaomba wananchi wanyooshe mikono ili ombi lake liandikwe kwenye muhtasari, lipande kwa diwani, na kutoka kwa diwani lipande kwa mbunge: kwamba sheria iruhusu dawa itokanayo na bangi, kwa mgonjwa aliyeandikiwa na daktari. Mke wake alikuwa na saratani. Mikono ilishaanza kunyooka. Mimi nikatoka kule nyuma nilikokaa na washikaji zangu, nikajitupa chini katikati ya watu, nikaanza kuigiza mvuta bangi.

Niliigiza vizuri, hilo sifichi. Nililegeza macho, nikamwamkia mbuzi shikamoo, nikasubiri aitikie marahaba, alipokaa kimya nikamuuliza nimemkosea nini. Nikakumbatia nguzo ya umeme nikaiita shemeji. Watu walicheka mpaka mikono iliyokuwa juu ikashuka kushika mbavu. Mwenyekiti naye, machozi ya kicheko yakimtoka, akasema, "Mmeona wenyewe, wananchi. Dawa yenyewe ndiyo hiyo. Tuendelee na ajenda ya mitaro."

Gadi akacheka pia. Ndivyo ilivyotakiwa. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, na mtani hakasiriki.

Kwa asiyejua mambo yetu: zamani wapagazi wa huku Unyamwezi walipobeba meno ya tembo kwenda pwani, njia ilipita Ugogo, na Wagogo wakawatoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila kisima cha maji. Kutokana na ugomvi ule wa maji ndipo ukazaliwa utani. Mpaka leo Mgogo akikutana na Mnyamwezi anaweza kumvua kofia, na Mnyamwezi anaweza kumlia Mgogo ugali wake, na wote watacheka. Gadi aliniita Mpagazi tangu sijui kuvaa viatu. Mimi nilimwita Ombaomba, maana Wagogo hutaniwa kwa kuomba. Mama alinichapa kwa hilo mara ya kwanza, yeye Gadi akaja kuniombea msamaha. "Mwache, mama," alisema. "Huyu ndiye pekee mtaa huu anayenipa haki yangu."

Alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na kupunga bendera ya kijani ili dereva aondoke. Alistaafu kabla sijazaliwa, lakini nadhani hakuna aliyemwambia. Filimbi ilikuwa shingoni kila siku. Aliitumia kuita kuku, kuamulia watoto wanaopigana, na kumjulisha mke wake kwamba amefika kona ya duka la Mhindi, chai imiminwe. Shati lake lilikuwa jeupe hata siku anazozibua choo. Misa ikichelewa kuanza aliinuka benchini, akaangalia saa, akakaa tena, na padri mgeni alidhani ana shida ya mgongo.

Tena alikuwa mtu wa kucheka kwa machozi. Kitu kidogo tu kikimchekesha, macho yanafurika, anatoa leso ya bluu mfukoni, anajifuta taratibu jicho moja baada ya jingine, anaikunja, anairudisha. Nilipokuwa mdogo nilipima ufundi wangu kwa leso ile. Isipotoka, utani wangu ulikuwa mbovu.

Alikuwa na misemo yake, yote ya reli. Mtu akimsengenya mwenzake: "Usikate behewa lenye abiria." Kijana akitaka kuoa haraka: "Angalia kwanza kama kuna injini." Lakini ule aliousema kuliko yote, kwa kila jambo, hata ukimwambia aingie ndani mvua inakuja, ulikuwa huu: "Gadi hapungi kijani kabla ya ruhusa." Maana yake ni kwamba hakuvuka utaratibu. Alikata tiketi ya basi hata pale ambapo konda ni mtoto wa mdogo wake. Baiskeli yake alikuwa akiishusha na kuikokota penye kibao cha kukataza, sehemu ambayo hata askari wanapita wamepanda.

Baiskeli hiyo ndiyo iliyonifundisha jambo fulani kuhusu ndoa, ingawa sijui ni jambo gani. Jumamosi walikuwa wakienda Kipalapala, kwa jirani mmoja wa seminari anayelima mboga, yeye na mke wake, tuliyemwita Bibi. Mzee anakanyaga, Bibi amekaa nyuma kwenye kikalio na kikapu mapajani. Ila hawaondoki hivi hivi. Mzee anashika usukani, anangoja. Bibi anapanga khanga yake, anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anatoa kile kibendera cha kijani cha zamani, kimepauka mpaka kama majani ya maharage, anakipunga juu ya kichwa cha mume wake. "Tayari nyuma!" Ndipo wanaondoka, na sisi watoto tunakimbia pembeni tukipiga honi za midomo.

"Siku hizi gadi ni yeye," mzee alituambia. "Mimi dereva tu. Nikiondoka bila ruhusa yake nafukuzwa kazi."

Sasa, mtu huyu na bangi. Hapo ndipo watu walipomshindwa. Miaka yake ya kazi aliichukia bangi kama vile imemtukana. Kisa chake maarufu ni cha debe la asali. Abiria mmoja wa hapa Tabora alipanda na debe la asali, asali yetu ya miombo, akasema anampelekea mgonjwa Dar. Gadi akaliinua, akaona jepesi. Asali nzito bwana, kila mtoto wa Tabora anajua. Akafungua: juu asali kiasi cha kuchovya kidole, chini mfuko wa plastiki umejaa bangi. Yule abiria alishushwa Manyoni akiwa na pingu. Gadi alikisimulia kisa hiki kwa fahari kwenye kijiwe cha kahawa, akionyesha kwa mikono debe lilivyoinuka, na mwisho aliongeza, "Hata asali inasema ukweli ukiipima."

Halafu mtu huyo huyo, Bibi alipoanza matibabu huko Mwanza na kurudi akitapika mpaka maji, akaanza kupita mlango kwa mlango kuwaambia watu kwamba mmea ule una dawa ndani yake.

Alisikia redioni kwamba nchi nyingine za Afrika zimeruhusu, kwa matibabu. Akamuuliza daktari. Daktari akamwambia ndiyo, kuna wagonjwa huko wanasaidiwa kichefuchefu na maumivu, si wote, lakini wapo. Ila hapa sheria ni sheria, mzee wangu, mimi siwezi kukuandikia. Mtu mwingine angeelewa hapo kwamba atafute njia ya pembeni. Gadi alielewa kwamba aende akabadilishe sheria.

Alianza na kijiwe cha kahawa, wakamcheka. "Gadi! Lile debe la Manyoni ulilificha wapi? Litoe basi!" Akaenda kwa wazee wa msikitini, wakamsikiliza kwa adabu, wakamwambia watalitafakari. Akaenda sokoni. Mtu wa kwanza kumuunga mkono alikuwa Mama Tatu, muuza vitumbua, ambaye mtoto wake ana kifafa kisichosikia dawa. Wakawa wanakwenda wawili, mzee na filimbi yake, Mama Tatu na beseni la vitumbua kichwani, ili wasiponunua hoja wanunue hata kitumbua. Baadaye wakaongezeka wengine kidogo. Kila penye watu alisema maneno yale yale, taratibu, kama anatangaza stesheni inayofuata: "Siombi mtu avute. Mvutaji nitamshusha mwenyewe. Naomba dawa, iandikwe na daktari, iuzwe duka la dawa, kwa risiti."

Kilichonishangaza, na nilimwambia, ni kwamba bangi yenyewe ilikuwa inauzwa nyuma ya soko, umbali wa kutupa jiwe kutoka kwake. Kila mtu anajua. Hata mwenyekiti anajua.

"Babu Ombaomba," nilimwambia siku moja, "unahangaikia Bunge la nini? Dodoma mbali. Hapo nyuma ya soko karibu."

Hakucheka. "Na wa Nzega? Na wa Urambo? Na mtoto wa Mama Tatu? Nikimpatia mmoja kwa magendo nimewaachaje wengine?" Kisha akanipiga kofi dogo la kichwani. "Mpagazi, gadi hapungi kijani kabla ya ruhusa. Beba hiki kikapu unipelekee ndani."

Nikabeba. Ndani, Bibi alikuwa amelala kwenye kochi, kichwa kimefungwa kitambaa, ndoo pembeni yake. Aliniuliza shule vipi. Nikamwambia shule ipo, mimi ndiye simo. Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, kisha akageukia ndoo. Mzee akapiga magoti akamshikilia paji la uso. Filimbi yake ilikuwa inaninginia, akaishika isije ikamgonga. Nilitoka bila kuaga.

Hii ndiyo hali iliyokuwepo nilipokwenda kumwamkia mbuzi mbele ya mkutano. Nilikuwa najua yote. Sikumchukia mzee, nilimpenda. Nilitaka tu leso itoke. Na ilitoka.

Baada ya mkutano ule hakuna aliyemchukulia kwa uzito tena. Akisimama tu penye watu, mtu anaita, "Muulize mbuzi kwanza!" na kicheko kinaanza. Mama Tatu alinikuta kisimani akanitazama kama mtu anayehesabu miiba ya samaki. "Mikono ilishanyooka, Kashindye," alisema. "Niliiona kwa macho yangu." Siku hiyo hakuniuzia vitumbua.

Gadi yeye hakubadilika kwangu. Aliendelea kuniita Mpagazi.

Kisha siku moja mchana, nimerudi shule, nimevua shati, nasubiri ugali, akaingia uani kwetu. Mama alikuwa barazani mbele anachambua mchele, mzee akampita na salamu. Alisimama mbele yangu. Shati lake lilikuwa na doa kifuani, nikaliona, nikajiambia leo nina cha kumtania.

"Mpagazi," alisema kwa sauti ya chini. "Nina haja. Ile kitu. Unaweza kunipatia? Kidogo tu. Nimeambiwa inachemshwa."

"Kitu gani?"

"Ile uliyoigiza."

Jamani. Gadi! Gadi wa debe la asali, gadi wa kushuka baiskeli penye kibao, amesimama uani kwetu mchana kweupe anataka bangi kwa mwanafunzi! Nikajua mzee amekuja kulipiza kisasi, amenitegea utani mkubwa kuliko yote, akitarajia nimumunye maneno aende akanitangaze kijiweni. Nikaona nisizidiwe. Nikapiga makofi, nikacheka kwa sauti mpaka kuku wakaruka.

"Wagogo nyie!" nikamwambia. "Mmeomba chumvi, mmeomba nauli, sasa mpaka bangi mnaomba! Haya, lete hongo kwanza. Na barua ya Bunge, yenye muhuri. Gadi hapungi kijani kabla ya ruhusa!"

Akanitazama kidogo. Halafu akacheka, kifupi, puani. Leso ikatoka. Akasema, "Umeniweza, Mpagazi," akageuka, akaondoka. Nilibaki nikijipongeza. Nilikula ugali wangu nikijisimulia mwenyewe jinsi nitakavyowasimulia washikaji.

Bibi alifariki wiki hiyo hiyo. Siku za mwisho, walisema kina mama waliomuogesha, alipiga kelele mpaka sauti ikaisha.

Msibani nilifanya kazi yangu ya mtani. Hakuna aliyenilazimisha, lakini usipofanya ni kama hujaja. Wakati jeneza linatolewa nililala mlangoni kwa urefu wangu wote, filimbi ya mzee mdomoni, nikapuliza. "Treni haiondoki! Babu zenu walitutoza hongo kwa kila kisima, leo na sisi tuna kisima chetu hapa. Lipeni!" Waombolezaji wakacheka huku wanalia, wakanirushia sarafu. Nikainuka, nikachukua kile kibendera kilichopauka kutoka kwenye baiskeli iliyoegeshwa ukutani, nikakipunga juu ya jeneza: "Tayari nyuma!" Mzee alikuwa amesimama, macho yamefurika, akanitikisia kichwa kwamba nimefanya vyema. Nilidhani hapo tumemalizana. Nilidhani nimelipa.

Baada ya arobaini, binti yake akaja kumchukua ili akaishi naye huko kwao, upande wa Bahi. Baiskeli mzee alimpa Mama Tatu, na kibendera kikiwa kimefungwa pale pale kwenye kikalio. Alimwambia hoja ni yake sasa. Mama Tatu ameshaandika jina lake kwa mwenyekiti, atasema mkutano ujao. Mimi mkono wangu hauhesabiwi, sijafikisha umri.

Siku ya safari mama alinituma nikamsindikize stesheni. Binti yake alitangulia na bajaji yenye vyombo. Mzee akakataa kupanda, akasema gadi haendi stesheni kwa bajaji. Nikabeba sanduku lake kichwani, tukatembea.

"Hilo zito?" aliuliza.

"Zito, Ombaomba. Umeiba mawe ya reli?"

"Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo. Tembea."

Tulipofika jukwaani treni ilikuwa haijaingia. Tukakaa juu ya sanduku, mgongo kwa mgongo. Nikaona nimchangamshe asiondoke na huzuni. Nikamkumbusha ile siku ya uani. "Ila babu, ile siku ulikuja na gia kubwa! Eti Mpagazi, ile kitu, kidogo tu. Nusura uninase."

Nilihisi mgongo wake ukipumua.

"Nilianzia kule nyuma ya soko," alisema. "Walinikatalia. Walidhani nimetumwa na polisi. Halafu mmoja wao ni mtoto wa yule wa debe la asali. Alinitambua. Akaniambia, mzee, pima uone kama nyepesi."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anaangalia reli.

"Nikawaza, nani mwingine? Nikakukumbuka wewe mkutanoni. Nikasema, mtoto yule aliigiza kama mtu anayeijua. Nikaja kwako."

"Babu, mimi sijawahi hata kuishika."

"Najua. Nilijua ulipocheka."

"Kwa nini hukuniambia si utani? Ungesema neno moja tu. Ningekimbia, babu. Ningekwenda hata... sijui. Ningekwenda."

"Ungekwenda ukakamatwa," alisema, "na mama yako ningemwambia nini?" Akashika filimbi yake, akaipangusa kwa kidole gumba. "Halafu, ningesemaje si utani? Maisha yangu yote na wewe hatujawahi kusema neno la kweli. Sikujua linaanzaje."

Treni ikaingia. Watu wakasimama, mabeseni, magunia, kelele. Nikampandishia sanduku, nikamshikia mkono kwenye ngazi. Nikataka kumwomba msamaha, na kila neno lililonijia lilikuwa la utani. Nilitafuta jingine mdomoni mwangu sikulipata. Nikasema, "Safari njema, Ombaomba." Akasema, "Baki salama, Mpagazi." Gadi wa sasa, kijana mwenye redio ya mkononi, akapunga bendera, wakaondoka.

Nilirudi Cheyo kwa miguu. Mama alikuwa pale pale barazani, ungo mapajani, anapeta karanga. Nikakaa chini kwenye sakafu kama mtoto, nikamweleza yote: kwamba mzee siku ile hakuwa anatania, kwamba alikuja kuomba kweli, kwamba nilimwambia Wagogo mpaka bangi mnaomba. Mama akaacha kupeta. Akaushusha ule ungo sakafuni. Kisha akasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza neno:

"Alinipita hapa anajifuta macho na ile leso yake. Nikasema moyoni, Mungu ambariki mwanangu, leo kamchekesha mzee wa watu."